Picha Usiyoikalia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Data, Ufuatiliaji na Sanaa

Mtu anayechorwa hukaa kwenye kiti, humwona mchoraji, na mwishowe huoneshwa picha. Kuna picha nyingine ya kila mmoja wetu inayochorwa saa hii: haina kiti, mchoraji haonekani, na mwenye sura hapewi aione. Maswali yafuatayo hurudi kila mara mazungumzo ya data yanapoanza. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mikunjo. Mengine ni mistari miwili tu.

Data inayokusanywa ni ipi hasa?

Wengi wakisikia neno "data" hufikiria jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Hiyo ni sehemu ndogo. Simu iliyo mfukoni huongea na minara ya mtandao hata siku usiyompigia mtu yeyote, na kila mnara huacha kumbukumbu ya saa na eneo. Programu ya muziki inajua wimbo ulioukata katikati. Tovuti ya duka inajua kitu ulichokitazama mara tatu ukakiacha. Kusita kwako nako ni data.

Vidakuzi, vile vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari chako, vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape. Nia ilikuwa njema: tovuti ikukumbuke, ili ulichokitia kwenye kapu la manunuzi kisipotee ukifungua ukurasa mwingine. Haikuchukua miaka mingi watangazaji wakavigeuza kuwa kamba mguuni, ya kumfuata mtu kutoka tovuti hii hadi ile.

Halafu kuna data inayojificha ndani ya kitu kingine. Picha ya simu inaweza kubeba saa iliyopigwa, aina ya kamera na mahali penyewe. Desemba 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni. Jarida moja likachapisha picha yake pamoja na waandishi wake waliomfikia, bila kuondoa data hizo, na kila aliyejua pa kutazama akaona kwamba mtu yuko Guatemala.

Mimi sina cha kuficha. Kwa nini nijali?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu la heshima, kwa kuwa wengi wanaolisema wanasema kweli. Hawana cha kuficha. Tatizo ni kwamba swali linadhani kinachotafutwa ni siri. Kinachotafutwa ni mazoea: unaamka saa ngapi, unapita njia gani, ukiwa na huzuni unasikiliza nini, ni saa ngapi za usiku ambapo ni rahisi kukuuzia kitu. Siri unaweza kuifungia sandukuni. Mazoea utayafungia wapi?

Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maneno ambayo watumiaji wake wapatao 650,000 walikuwa wameyatafuta kwa miezi mitatu. Yalikuwa maulizo milioni 20 hivi. Majina yalikuwa yameondolewa na kila mtu akapewa namba. Waandishi wa gazeti la New York Times walichukua namba moja, wakasoma aliyoyatafuta mwenyewe, maradhi, mbwa, watu wa ukoo wake, na baada ya siku chache walikuwa mlangoni pa mjane mmoja wakizungumza naye. Hakuna lililokuwa siri katika yale aliyoyaandika. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba.

Mwaka 2013 watafiti walichunguza kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 zilizokusanywa kwa miezi 15. Waligundua kwamba ukijua nyakati na mahali panne tu alipokuwa mtu, waweza kumtenga na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Wala hukuhitaji kujua jina. Nyumbani, kazini, na sehemu mbili za mapumziko: mtu huyo ameshatosha kuwa yeye.

Mfano wa tatu ni wa kuchekesha kidogo, isipokuwa kwa waliohusika. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya wanaokimbia na kuendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia inayong'aa pale watu wanapofanyia mazoezi. Ilikuwa nzuri kweli, hata ungeweza kuitundika ukutani kama kazi ya sanaa. Januari 2018 mtu akagundua kwamba huko Syria na Afghanistan, katikati ya giza, kuna viduara vinavyong'aa. Walikuwa wanajeshi wakikimbia kuzunguka kambi zao. Watu waliofunzwa kutunza siri walitajwa na mazoezi yao ya asubuhi.

Je, simu yangu inasikiliza maongezi yangu ili inioneshe matangazo?

Hakuna ushahidi mzuri kwamba ndivyo inavyofanyika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za simu za Android na hawakuona hata moja inayowasha kipaza sauti kwa siri na kutuma maongezi. Waliona kitu kingine ambacho hawakukitarajia: baadhi ya programu zilikuwa zikirekodi yanayotokea kwenye kioo cha simu na kuyapeleka kwa kampuni nyingine.

Mbona basi tangazo la kitu ulichokitaja jana linatokea leo? Mara nyingi ni kwa sababu uliyeongea naye alikwisha kukitafuta, nanyi mnatumia Wi-Fi moja, au simu zenu zilikuwa mahali pamoja. Au ulikiona mapema ukasahau, wao hawakusahau. Kuna pia madalali wa data, ambao kazi yao ni kununua na kuuza orodha za watu waliogawanywa kwa umri, kipato, maradhi na matamanio. Binafsi naona jibu hili linatisha kuliko lile la kipaza sauti. Hana haja ya kukusikiliza mtu anayeweza kukubashiri.

Wanaotazama ni kampuni au ni serikali?

Ni wote, na mpaka kati yao una matundu. Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba katika shirika la ujasusi la NSA la Marekani, aliwapa waandishi wa habari nyaraka zilizoonesha kwamba serikali ilikuwa ikichukua kumbukumbu za simu za mamilioni ya wananchi kutoka kwa kampuni ya simu. Haikuwa sauti zao, bali nani alimpigia nani, lini, kwa muda gani. Serikali haikuhitaji kujenga mtambo mpya. Kampuni ilikuwa imeshakusanya kwa sababu zake.

Linganisha na Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, walioacha mafaili yanayojaza rafu za kilomita 111. Kila faili lilitaka mtu wa kuandika, mtoa habari wa kushawishiwa, na bahasha za kufunguliwa kwa mvuke. Leo mtoa habari tunamnunua wenyewe na kila usiku tunamchaji.

Kujua tu kwamba natazamwa kunabadilisha nini?

Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, alichapisha mwaka 1791 mchoro wa gereza la duara lenye mnara katikati. Mlinzi aliye mnarani huona kila chumba, mfungwa hamwoni mlinzi. Ujanja wenyewe ni kwamba mnara unaweza kuwa mtupu: mfungwa asiyejua kama anatazamwa hujichunga mwenyewe.

Kwa waandishi hili si nadharia. Chama cha waandishi cha PEN nchini Marekani kiliwauliza wanachama wake mwaka 2013, miezi michache baada ya habari za Snowden. Karibu mmoja katika kila sita alisema ameepuka kuandika au kuzungumzia mada fulani kwa kudhani anafuatiliwa. Hakuna aliyewakataza. Vitabu hivyo havikupigwa marufuku kwa kuwa havikuandikwa, na hapo ndipo hasara isipopimika: huwezi kuhesabu mashairi yaliyofia kichwani mwa mtu.

Kama mashine hukosea kuhusu mimi, si nafuu kwangu?

Ingekuwa nafuu kama picha mbovu ingetupwa. Haitupwi, inatumika vilevile.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Mashine zilikuwa zimefundishwa kwa nyuso ambazo nyingi zilikuwa za aina moja. Januari 2020 mwanamume mmoja mweusi alikamatwa karibu na Detroit mbele ya wanawe kwa sababu programu ya utambuzi wa sura ilimfananisha na mwizi wa saa. Hakuwa yeye. Alilala rumande.

Msanii Trevor Paglen na mtafiti Kate Crawford waliligeuza kosa hili kuwa kioo. Mwaka 2019 walifungua mahali ambapo mtu yeyote aliweza kuweka picha yake na kuona mashine inamwitaje, kwa kutumia maneno yaliyomo ndani ya ImageNet, hazina ya picha iliyofundishia mashine nyingi za kutambua vitu. Wengine waliitwa majina ya kawaida. Wengine, hasa weusi, waliitwa matusi. Watunzaji wa hazina hiyo wakatangaza kwamba wataondoa picha zipatazo 600,000 za watu. Makala ngapi zilikuwa zimeandikwa kuhusu upendeleo wa mashine kabla ya hapo? Nyingi. Lakini ni jambo lingine kuusoma upendeleo, na jambo lingine kabisa kuona umetukanwa wewe.

Sanaa inaingiaje hapa? Si mambo ya wahandisi haya?

Inaingia kwa milango miwili. Wa kwanza hauna mlio, na ndio unaonisumbua zaidi: data inabadilisha umbo la sanaa kabla msanii hajashika kalamu.

Chukua muziki. Kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30. Ukikatwa ya 29, haukusikilizwa. Mtunzi anayelijua hilo atathubutu kuanza na gitaa la dakika nzima? Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State alichunguza nyimbo zilizovuma Marekani kati ya 1986 na 2015, akaona kwamba sehemu ya mwanzo kabla ya mwimbaji kuingia imepungua kutoka sekunde zaidi ya 20 hadi 5 hivi. Siwezi kuitupia Spotify lawama yote, kwani mteremko ulianza kabla haijazaliwa, redio na kitufe cha kurukia wimbo vina sehemu yao. Lakini redio haikujua ni sekunde ipi ulichoka. Spotify inajua, na inamwambia mtunzi.

Vitabu vilevile. Tangu Julai 2015 Amazon huwalipa waandishi walio katika Kindle Unlimited, mpango wake wa kusoma vitabu vya kielektroniki kwa ada ya mwezi, kwa idadi ya kurasa zilizosomwa. Kisomaji kinatazama nawe unapogeuza ukurasa. Haukupita muda wajanja wakaanza kuweka kiungo mwanzoni mwa kitabu kinachomrusha msomaji hadi mwisho, ili kurasa zote zihesabiwe. Ukilipa kwa kipimo, watu watakihudumia kipimo chenyewe. Na Netflix, kwa maelezo yake yenyewe ya mwaka 2017, humwonesha kila mtazamaji picha tofauti ya filamu ileile: mpenda mapenzi anaoneshwa wapenzi, mpenda vichekesho anaoneshwa mchekeshaji. Jalada lilikuwa tamko la msanii kwa watu wote. Sasa ni mnong'ono kwa kila mmoja kivyake.

Mlango wa pili ni wasanii wanaoufanya ufuatiliaji wenyewe kuwa malighafi yao.

Wasanii hao wamefanya nini hasa?

Wa kwanza ninayemtaja kila mara ni Hasan Elahi, Mmarekani aliyezaliwa Bangladesh. Mwaka 2002 alizuiwa uwanja wa ndege wa Detroit kwa sababu kuna mtu alikuwa amepeleka uvumi wa uongo kwamba ameficha mabomu ghalani. FBI walimhoji kwa miezi. Alipoachiwa akaanza kuwaarifu kila anapokwenda, kwanza kwa hiari ya mtu aliyeogopa, kisha kwa hiari ya msanii. Akafungua tovuti na kuweka kila kitu: mahali alipo, chakula alichokula, choo alichotumia, kitanda alicholala, tiketi, risiti. Picha zikafika makumi ya maelfu. Ukizitazama, mwenyewe hayumo. Umepewa kila kitu kuhusu mtu na bado humjui, umechoka tu. Badala ya kujificha gizani, alijificha kwenye mafuriko.

Manu Luksch alitumia sheria. London imejaa kamera za ulinzi, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 kuhusu data ilimpa mtu haki ya kudai nakala ya data zake. Akapita mbele ya kamera, akacheza, kisha akaandika barua kudai kanda. Filamu yake ya mwaka 2007 imejengwa kwa picha hizo pekee. Sheria iliwataka wenye kamera wafiche nyuso za watu wengine wote, hivyo akatunga hadithi ya dunia ambamo watu hawana nyuso. Kizuizi kikawa msuko wa hadithi. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kanuni ya ofisini kugeuka kuwa ushairi.

Jill Magid, mwaka 2004, alikaa Liverpool siku 31, muda uleule ambao kanda za kamera za mji huo hutunzwa kabla ya kufutwa. Alivaa koti jekundu, akawapigia simu polisi waliokuwa wakitazama kamera hizo na kuwaambia yuko wapi, na fomu za kuomba kanda akazijaza kama barua za mapenzi. Huko New York, kuanzia 1996, kikundi kilichojiita Surveillance Camera Players kilicheza tamthilia mbele ya kamera za vituo vya treni. Walibeba mabango yenye maneno, maana kamera haina masikio.

Ai Weiwei, ambaye serikali ya China ilimshikilia siku 81 mwaka 2011, aliweka kamera nne ndani ya nyumba yake Aprili 2012 ili dunia nzima imtazame, hata akilala. Kama mnataka kunitazama, karibuni wote. Baada ya saa 46 aliamriwa azizime. Kumbe kutazamwa hakukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa ni nani ameruhusiwa kutazama.

Na ule mkokoteni! Simon Weckert, mwaka 2020, alionesha jinsi alivyojaza simu 99 kwenye mkokoteni mdogo na kuuvuta taratibu katika mitaa ya Berlin iliyokuwa mitupu. Ramani za Google zikaona simu nyingi zinakwenda polepole, zikapaka barabara rangi nyekundu ya msongamano. Mtu mmoja na mkokoteni, akiandika uongo kwenye ramani inayoaminiwa kuliko macho.

Lakini msanii naye si mpelelezi?

Ndiyo, na swali hili lisikwepwe. Mwaka 1981 Sophie Calle alimwomba mama yake amkodie mpelelezi wa kumfuata mwenyewe mjini Paris, kisha akaweka ripoti ya mpelelezi kando ya shajara yake. Hapo aliyefuatwa ndiye aliyetaka. Lakini mwaka mmoja kabla alimfuata mwanamume aliyekutana naye kwa bahati hadi Venice, akimpiga picha kwa siri. Heather Dewey-Hagborg aliokota vichungi vya sigara, bazoka zilizotafunwa na nywele barabarani, akatoa DNA na kuchonga nyuso za watu wanavyoweza kuwa. Watu hao hawakuombwa. Alitaka tuone jinsi ilivyo rahisi, na tuliona. Kwangu mimi, kazi inayomwanika mnyonge ili kutuonya kuhusu mwenye nguvu inadaiwa maelezo zaidi kuliko kibao cha jumba la maonesho.

Je, kazi zangu zimetumika kufundishia akili mnemba?

Kama ziko wazi mtandaoni, inawezekana sana. Mkusanyiko wa LAION-5B uliotolewa mwaka 2022 ulikuwa na viungo vya picha bilioni 5.85 pamoja na maelezo yake, na ulitumika kufundishia mashine zinazochora kwa amri ya maneno. Mwaka huohuo mwanamuziki Holly Herndon na wenzake walitengeneza zana ya kutafuta ndani ya mikusanyiko hiyo. Msanii mmoja wa Marekani alijitafuta na kukuta picha zake za hospitalini, alizopigwa na daktari wake kwa ajili ya matibabu.

Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa programu iitwayo Glaze mwaka 2023, ambayo hubadilisha picha kidogo sana, kiasi cha jicho kutogundua, ili mashine ishindwe kuuiga mtindo wa mchoraji. Inasaidia. Lakini ni mchezo wa paka na panya, na picha iliyokwisha kuchukuliwa haiwezi kupakwa tena.

Vipodozi vya kuchanganya kamera vinafanya kazi?

Vilifanya kazi dhidi ya mashine za kutambua sura za wakati huo. Adam Harvey alibuni mitindo hiyo ya nywele na rangi usoni mwaka 2010. Mashine za sasa zinafanya kazi kwa njia nyingine. Kwa wanadamu, kwa upande mwingine, utaonekana kutoka mbali.

Tovuti ikiniuliza kuhusu vidakuzi, nibonyeze "kubali vyote" au nikatae?

Kataa. Kama kitufe cha kukataa kimefichwa nyuma ya kurasa tatu, hiyo yenyewe imekujulisha uko kwa nani.

Nikitaka kuona picha yangu iliyochorwa, nianzie wapi?

Tangu Mei 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa watu haki ya kudai nakala ya data zao, na nchi nyingi nyingine zina sheria za namna hiyo. Kampuni kubwa za barua pepe, mitandao ya kijamii na muziki nazo zina sehemu ya kupakua data kwenye mipangilio ya akaunti. Omba zote. Nyingine huja saa hiyohiyo, nyingine baada ya siku kadhaa, na hufika zikiwa faili kubwa lisilosomeka vizuri.

Usianze na ujumbe wala picha, hizo unazijua. Fungua faili la mahali, kama lipo, kisha lile linaloorodhesha "mambo unayoyapenda" kwa macho ya watangazaji. La pili litakuchekesha, kwa kuwa utakuta umeandikwa mpenzi wa vitu ambavyo hujawahi kuvigusa. La kwanza halichekeshi. Chagua tarehe usiyoikumbuka, miaka mitatu au minne nyuma, na ufuate mstari kwenye ramani: umetoka nyumbani, umesimama dakika kumi na moja mahali fulani, umeendelea. Jaribu kukumbuka ulisimama kufanya nini.